Uzi: Wanachuo wanaoongoza kazi za kujitolea, tunawaandaa au tunawapigia makofi tu?

#1 Mlezi wa Klabu (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Mod, naomba usiunganishe uzi huu na ule wa ajira za vijana, ni mambo mawili tofauti.

Mimi ni mlezi wa klabu ya wanafunzi wa kujitolea katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Vijana wanafanya usafi sokoni, wanaandaa siku za kuchangia damu, wanakwenda shule za msingi kuwasaidia watoto wa darasa la pili na la tatu kusoma, wanatembelea vituo vya watoto. Kazi ni nzuri na sina ugomvi nayo. Kinachonisumbua, na walezi wenzangu wa vyuo vya jirani wananiambia hivyo hivyo, ni maandalizi ya wale wanaoziongoza. Wakishachaguliwa tu, analetwa mzungumzaji mwenye suti, anawaambia waote ndoto kubwa, wanapiga makofi, wanapiga picha, wanagawiwa vyeti vya "uongozi". Kesho yake rais wa klabu hajui barua ya kuomba kuingia mtaani inapelekwa kwa nani.

Hoja yangu: shughuli ya kujitolea haiongozwi na mtu mmoja mwenye kipaji cha kuongea. Ina viongozi watano sita, kazi zao hazifanani hata kidogo, na kila kazi inafundishika peke yake. Kijana anaweza kuwa mweka hazina bora na asiweze kusimama mbele ya watu kumi. Mafunzo ya jumla yanamwacha alivyokuja.

Nianze na tunayemwita mtangulizi, yule anayefika kwenye jamii kabla ya wengine wote. Kwa nchi yetu huingii mtaani wala kijijini kienyeji. Mtaani yupo mwenyekiti aliyechaguliwa na wananchi na yupo mtendaji aliyeajiriwa, na watoto wa chuo wanawachanganya hao wawili kila mara. Kijijini ipo Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na upo mkutano mkuu wa kijiji, ambao wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Jambo lako likihitaji kijiji kizima likubali, ujue mkutano ujao ni lini, vinginevyo umeongea na watu watatu ukadhani umeongea na kijiji. Kwa shule usiishie kwa mwalimu mkuu. Ruhusa ianzie ofisi ya elimu ya halmashauri.

Zoezi lake ni rahisi. Mwanafunzi mmoja anakaa mezani anajifanya mtendaji. Simu yake inaita, pembeni kuna mama anasubiri na kesi ya mbuzi waliokula mahindi. Mtangulizi anapewa dakika mbili aseme yeye ni nani, ametumwa na nani, wanataka kufanya nini, siku gani, watu wangapi, na wakiondoka wanaacha nini. Hapo pa mwisho ndipo wengi hukwama. Wamekuja na mpango wa kufanya, hawana mpango wa kuacha. Akimaliza anaandika barua yenyewe: anwani ya chuo, kumbukumbu namba, sahihi ya mlezi, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikiwa na makosa inarudi.

Mweka hazina nampa bahasha yenye risiti za kubuni za shughuli moja. Ndani kuna risiti ya rangi ya ukuta yenye tarehe ya wiki moja baada ya shughuli. Kuna kipande cha karatasi kimeandikwa "bodaboda 6,000" bila jina wala sahihi. Kuna soda 40 wakati daftari la mahudhurio lina watu 28. Namwambia: rejesha masurufu, yaani toa hesabu ya pesa uliyopewa. Yupo anayejaza mapengo kwa maelezo matamu ili hesabu ikae sawa. Huyo simpi kazi hiyo. Yupo anayeniandikia, "hizi soda 12 sina maelezo yake, namuuliza aliyenunua." Huyo ndiye ninayemtafuta. Bodaboda hatoi risiti, sote tunajua, ndiyo maana kuna hati ya malipo: jina, kiasi, namba ya simu na sahihi yake kabla hajawasha pikipiki. Na pesa ya klabu haikai kwenye M-Pesa ya rais hata kwa usiku mmoja. Akaunti iwe ya klabu, watia saini watatu, wawili kati yao wakisaini ndipo inatoka.

Wa tatu ni msimamizi wa usalama wa watu, na klabu nyingi hazina cheo hiki kabisa. Mkienda kwenye kituo cha watoto, ni nani aliyepangiwa kuhakikisha hakuna mwanafunzi anayebaki peke yake na mtoto chumbani? Ni nani anayesema "hapana" picha zinapopigwa? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Picha ya mtoto yatima akipokea sabuni, uso wazi, jina la kituo chini yake, imesambaa kwenye status za watu mia, hiyo siyo kumbukumbu ya klabu. Huyu msimamizi nafanya naye mazoezi ya jambo moja gumu: mtoto anakunong'oneza kwamba nyumbani baba mdogo anamfanyia vibaya. Usimwahidi siri. Usimhoji kama polisi. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, kisha siku hiyo hiyo mwone afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure, iwe imeandikwa nyuma ya kitambulisho cha kila anayekwenda.

Halafu kuna mratibu wa siku yenyewe. Chukueni siku ya kuchangia damu. Watu wa Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, wanakuja na vitanda na wataalamu wao, kazi ya vijana ni foleni, maji, viti, na maneno. Maneno ndiyo kazi kubwa. Binti amekuja na wenzake watatu, amepanda mzani, ana kilo 48 na kiwango ni kuanzia 50. Anarudishwa mbele za watu. Mratibu asiyefundwa anapaza sauti "wewe huna uzito, anayefuata!" Aliyefundwa anamchukua pembeni na kumpa daftari la kuandikisha wengine, na binti anabaki hadi jioni.

Wa mwisho ni mrithi, huyo nitamrudia watu wakichangia, maana ndiye kidonda chenyewe. Karibuni.

#2 Jembe Halichagui

Mlezi, umeandika vizuri ila unawapamba. Hawa wadogo zetu wanatafuta cha kuandika kwenye CV. Nimeona klabu imechapisha fulana 200 kwa shughuli ya kupanda miche 50. Miche ilikauka mwezi wa nane, fulana mpaka leo zinapigiwa deki. Na bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa kutoka humwoni mtu, kila mmoja anahangaika na tumbo lake. Kujitolea ukiwa na njaa ni hadithi.

#3 Mtendaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya utendaji wa kata kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nimewapokea hawa watoto wa vyuo wa kila aina. Naomba niseme upande wa pili wa meza.

Ilikuwa Jumamosi. Mtaa wangu mmoja ulikuwa na msiba wa mzee mkubwa, mwenyekiti wa mtaa mwenyewe yuko makaburini. Saa nne asubuhi inafika Coaster imejaa vijana wenye fulana mpya, ndoo, fagio na spika. Wamekuja kufanya usafi na "kuhamasisha jamii". Barua waliileta ofisini siku mbili kabla, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, wakadhani muhuri ni ruhusa. Kiongozi wao, kijana mchangamfu tu, ananipigia simu analalamika kwamba wananchi hawajajitokeza! Spika inalia muziki, mita 300 kutoka turubai la msiba.

Nikatoka makaburini kwenda kuwazima. Nilipofika nikakuta spika imeshazimwa. Alikuwepo binti mmoja, si rais wala katibu, kumbe hakuwa na cheo chochote. Alikwenda dukani akauliza kuna nini leo, akaambiwa. Amerudi, amechomoa waya, amejifunga kanga aliyoazima kwa mama ntilie, amekusanya mia tano mia tano za wenzake akazitia kwenye bahasha. Aliniuliza swali moja: "Baba, rambirambi tunamkabidhi nani, na je, tunaweza kusaidia kubeba maji?" Wale vijana walibeba maji na kuosha vyombo msibani hadi saa kumi. Usafi waliurudia wiki mbili baadaye, na mtaa mzima ulitoka na majembe yao wenyewe.

Kwa hiyo mlezi, huyo mtangulizi wako umemweleza vizuri lakini umemwishia ofisini. Mfundishe kupita dukani, kijiweni, kwa mama ntilie, msikitini na kanisani. Ofisi itakwambia utaratibu. Kuna msiba, kuna mnada, kuna ugomvi wa bomba la maji kati ya balozi wa nyumba kumi huyu na yule, hayo hayamo kwenye faili langu. Na awafundishe wenzake kwamba muhuri wa masjala maana yake ni "tumeiona".

#4 Mkaazi wa Eldoret

Hamjambo nyote. Mtendaji, hiyo stori imeniguza, huku kwetu ingekuwa kwa chifu na wazee wa mtaa lakini mambo ni yale yale.

Naongeza mfano wa kwetu. Chuo Kikuu cha Moi, kitivo cha tiba, tangu kianze kupokea wanafunzi mwaka wa 1990 kimekuwa na mpango unaoitwa COBES, ambao unampeleka mwanafunzi wa udaktari mashinani mapema na kumrudisha huko mwaka baada ya mwaka. Kilichonivutia ni vile kazi inabadilika. Anaanza kwa kujua jamii tu, kuangalia na kusikiliza. Halafu anarudi kufanya utambuzi wa jamii: watu wanakunywa maji gani, vyoo viko vipi, akina mama wanajifungulia wapi. Baadaye anaandika pendekezo la utafiti na kulitekeleza, na mwisho anashikamana na wasimamizi wa afya wa eneo hilo kuona vile huduma zinaendeshwa. Hakuna siku anaambiwa "leo wewe ni kiongozi". Anapanda ngazi.

Na ni sehemu ya masomo, ina alama. Hiyo ndiyo tofauti na klabu. Klabu ni ya hiari, mtu akichoka anatoka. Sijui Mlezi unasemaje kuhusu hilo. Mimi naona vyuo vikipatia kazi ya jamii alama, walimu nao watajali.

#5 mwaka_wa_pili

Shikamooni wakubwa. Mimi ndio nipo kwenye klabu sasa hivi, naomba kuuliza.

Kwetu viongozi wanapatikana kwa kampeni kama za serikali ya wanafunzi. Anayejulikana, mwenye maneno, anashinda. Akishinda anagawa vyeo kwa rafiki zake. Sisi wasichana tunapewa ukatibu na kamati ya chakula, kila mwaka, kama vile imeandikwa kwenye katiba. Halafu mwaka wa tatu wakiingia kwenye UE, mitihani ya chuo, mwezi wa saba wanapotea moja kwa moja, hata nywila ya barua pepe ya klabu wanaondoka nayo. Tunaofuata tunaanza sifuri. Sasa tufanyeje sisi wa chini?

#6 Mlezi wa Klabu

Asanteni. Nijibu kwa mkupuo.

@Jembe Halichagui, CV sina tatizo nayo. Mtu akija kwa ajili ya CV akajifunza kurejesha masurufu sawasawa, nchi imepata mhasibu. Kuhusu njaa uko sahihi kabisa: shughuli zetu haziwekwi wiki ambazo bumu linasubiriwa, na nauli ya mtangulizi inalipwa na klabu. Mwanafunzi asilipie kujitolea kwake. Za fulana sina utetezi, ilipaswa kununuliwa ndoo na kupangwa zamu ya kumwagilia wakati wa likizo.

@Mtendaji Mstaafu, nimelichukua. Binti huyo hakuwa na cheo, na hilo ndilo linaloniuma. Klabu ilimkalisha nyuma kwa sababu hakupiga kampeni.

Hapo ndipo namjibu @mwaka_wa_pili. Tenganisheni uchaguzi na upangaji wa kazi. Rais mchagueni kwa kura, sawa, demokrasia. Lakini mtangulizi, mweka hazina, msimamizi wa usalama na mratibu wapatikane kwa kupimwa kwenye kazi yenyewe, bahasha ile, dakika mbili zile. Msichana akishinda zoezi la mtangulizi mbele ya watu wote hakuna wa kumrudisha jikoni. Na kamati ya chakula iende kwa zamu, wavulana waoshe masufuria na wao. Mtu asiyejua sufuria la watu 60 linahitaji mchele kilo ngapi hajui chochote kuhusu bajeti.

Sasa yule mrithi niliyeahidi kumrudia. Ngazi za kumwandaa ni hizi, na @Mkaazi wa Eldoret amenisaidia kuzisema: mwaka wa kwanza unatembea na mwenye kazi, unabeba daftari lake, hufanyi uamuzi. Mwaka wa pili muhula wa kwanza unafanya wewe, mwenye kazi amesimama nyuma yako. Muhula wa pili kazi ni yako. Mwaka wa tatu unakuwa mshauri, huna sahihi benki wala nywila yoyote. Kwa hiyo wale wakubwa wakiingia kwenye mitihani, hakuna kitu mikononi mwao cha kuondoka nacho. Kwa kozi za miaka minne au mitano mtapanua, mtajua wenyewe.

Hili si wazo langu. Rotaract, vilabu vya vijana vya Rotary vilivyoanza mwaka 1968, mwaka wao wa uongozi unaanza tarehe 1 Julai, na anayefuata anajulikana mapema, anakaa miezi kadhaa akijifunza kabla hajavishwa nishani. Vyuo vyetu vinafanya kinyume: uchaguzi leo, kiapo kesho, shughuli keshokutwa.

Makabidhiano yafanyike kwa maandishi, mlezi akiwepo: salio la benki la siku hiyo, nywila zote, orodha ya watu wa mitaani tunaofanya nao kazi na namba zao, ahadi tulizotoa na hatujatimiza. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kirefu siku zote. Mtaani wanakumbuka. Waliambiwa "tutarudi na vyandarua" na rais aliyeshahitimu yuko Mtwara anafanya kazi.

Kuhusu alama: mimi sipendelei. Kwa udaktari inafaa maana ni sehemu ya fani, ukikosea kuijua jamii utakosea kutibu. Kwa klabu, ukiweka alama utapata daftari lenye sahihi mia na watu ishirini uwanjani.

#7 Mzee wa Kijiwe

Naona hapa kuna vijana, niwakumbushe ya zamani kidogo, maana mnaongea kana kwamba nchi hii imeanza kujitolea juzi.

Hilo la alama na lazima tulishalipitia. JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, iliundwa 1963. Mwaka 1966 ikaamuliwa wasomi wanaomaliza waingie JKT kwa lazima, tena sehemu ya mshahara wao ikatwe katika kipindi hicho. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo pale Dar es Salaam wakaandamana kupinga. Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, wakarudishwa makwao, na yeye mwenyewe akajikata mshahara asilimia 20. Wengi walirudi masomoni mwaka uliofuata. Baadaye lazima hiyo ikaendelea hadi ikasitishwa 1994, ikarudishwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kila mtu ana maoni yake juu ya JKT na mimi nina yangu, nilipita Makutupora na sijutii. Lakini pale ulipewa amri. Amri inakufundisha kuvumilia na kuamka mapema. Haikufundishi kumwomba mama wa mtaani ruhusa ya kufagia mbele ya genge lake.

Mfano ninaoupenda ni mwingine: kampeni ya Mtu ni Afya, 1973. Wakubwa wenzangu wanaikumbuka kwenye redio. Wiki 12, vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili. Malaria, kichocho, safura, vyoo, maji. Na kwa kila kikundi kiongozi wake, jumla yao kama 75,000. Walifundishwa kwa ngazi, wa juu wakawafundisha wa mikoani, wa mikoani wakawafundisha wa wilayani, hadi kijijini. Sasa sikilizeni walichofundishwa. Hakuna aliyeambiwa habari za ndoto kubwa. Kiongozi wa kikundi alifundwa kazi moja tu: washa redio, watu wasikilize, soma kijitabu, uliza maswali, kikundi kiamue kitafanya nini wiki hii. Basi. Wengi walikuwa wakulima wa kawaida, elimu ya kuungaunga. Vyoo vilichimbwa vingi mno.

Kwa hiyo Mlezi, umebakiza kiongozi mmoja kwenye orodha yako. Yule anayeendesha mazungumzo. Wasomi wa chuo hapo ndipo wanapofeli kuliko pengine pote, kwa sababu darasani wamezoea kuongelewa, nao wakipata nafasi wanaongea. Mpe kijana wa chuo nusu saa na wanakijiji, dakika 28 atatoa mhadhara.

#8 Mlezi wa Klabu

Mzee wangu, hapo umenimaliza. Mwezeshaji anaingia kwenye orodha. Zoezi lake naliona tayari: anaendesha kikao cha nusu saa, mtu nyuma anahesabu dakika alizoongea yeye na dakika walizoongea wengine. Akizidi robo anarudia.

#9 Nesi wa Zamu

Nimesoma kimya kimya, niongezee la damu maana nafanyia kazi maeneo hayo. Waratibu wa vyuoni wajue haya kwa kichwa: umri miaka 18 hadi 65, uzito kilo 50 kwenda juu, mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha hachangii. Damu inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na majibu ni ya mchangiaji mwenyewe.

Hilo la majibu ndipo vijana wanapoharibu. Mratibu ana orodha ya waliochangia, wiki mbili baadaye rafiki yake anamuuliza "fulani mbona kaitwa kituoni?" Akijibu chochote, hata kwa utani, mwaka ujao hakuna atakayejitokeza hosteli nzima. Mfundisheni jibu moja, "sijui na sihusiki", alirudie mpaka lizoeleke.

Na mtu akizimia msimzunguke na simu. Alazwe chali, miguu iinuliwe, wengine wasogee, mhudumu aitwe. Kabla ya yote, watu wale chakula asubuhi. Wanafunzi wengi huja na chai kavu.

#10 Jembe Halichagui

Nimebadilika nusu. Swali la mwisho: pesa za mafunzo haya yote zinatoka wapi? Ukisema semina, watu wanauliza posho.

#11 Mlezi wa Klabu

Hakuna semina mkuu. Bahasha ya risiti ni karatasi. Mtendaji wa kuigiza ni mwanafunzi. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi inatupa ukumbi Jumamosi. Msalaba Mwekundu ukiuomba mapema unaweza kupata mkufunzi wa huduma ya kwanza, mnajipanga gharama zake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata mkimwalika kwa heshima, na nauli yake mkononi, anakuja. Aliyesomea vyuo vya maendeleo ya jamii vya Tengeru au Buhare anajua kuitisha mkutano wa mtaa kuliko mimi mwenye shahada mbili. Gharama kubwa ilikuwa ya yule mwenye suti.

#12 mwaka_wa_pili

Nimeprinti uzi wote. Rais wetu kasema haya yote hayawezekani muhula huu, mitihani imekaribia, nichague moja. Nianze na nani?

#13 Mtendaji Mstaafu

Mwanangu anza na mtangulizi. Bila yeye hao wengine wote mtafanyia kazi wapi?

#14 Mlezi wa Klabu

Nampinga mzee wangu kwa heshima zote. Anza na mweka hazina. Mtangulizi akikosea mtaani, ataomba radhi na wazee watasamehe, Mtendaji mwenyewe ametuonyesha. Pesa ikipotea, klabu inafungwa na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na miaka miwili hakuna atakayeruhusiwa kuifungua. Wiki hii tafuta watia saini watatu, hamisheni pesa iliyo kwenye simu ya rais. Akisita kuihamisha, niandikie PM, ujumbe wa faragha.

#15 mwaka_wa_pili

Amesita. Nakuja PM.